Wanaokesha na Mahututi: Haki Yao Juu Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na Mwenye kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Msomaji mpendwa, mwezi huu twapenda kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo watu wengi hawalitaji nyumbani mpaka siku linapobisha hodi. Ni habari ya mgonjwa ambaye matabibu wamekwisha sema hatapona, na habari ya daktari au muuguzi anayekaa naye mpaka roho itoke. Aghalabu maneno yetu huwa ni juu ya mgonjwa na jamaa zake. Leo twataka tumtazame huyo wa tatu, aliyesimama upande wa pili wa kitanda, ambaye mgonjwa akifa hupewa shukrani haraka haraka, au lawama, kisha husahauliwa.

Kilichotusukuma kuandika ni haya. Katika baadhi ya nchi za mbali imewekwa sheria ya kumruhusu tabibu amsaidie mgonjwa kufa, mgonjwa mwenyewe akitaka. Uholanzi na Ubelgiji ziliiweka mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016. Australia ilianza na jimbo la Victoria mwaka 2019, na ilipofika mwisho wa mwaka 2023 majimbo yake yote sita yalikuwa yamefuata. Watoto wetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanafanya kazi katika hospitali na nyumba za wazee za nchi hizo, na baadhi yao ni wauguzi. Swali hili basi si la watu wengine. Limo katika barua na simu za nyumba zetu.

Sheria hizo, ijapokuwa zatofautiana, zafanana katika mambo makubwa. Aghalabu mgonjwa hutakiwa awe mtu mzima mwenye akili timamu. Aombe kwa ulimi wake, wala asiombewe na mtu. Aghalabu hupimwa na matabibu wawili, kila mmoja kwa nafsi yake. Wakikubali, hupewa dawa ya kumfisha, ainywe mwenyewe au atiwe mwilini na daktari, na mahali pengine na muuguzi mwenye daraja maalumu.

Baada ya sheria kupita, likaonekana jambo ambalo wengi hawakulitia katika hesabu. Wanaokubali kuifanya kazi hiyo ni wachache, na nchi ni kubwa. Daktari mmoja husafiri masafa marefu kumfikia mgonjwa mmoja. Wenzake kazini wengine humwepuka. Jioni hurudi nyumbani na mzigo asioweza kumsimulia mkewe wala jirani, kwa kuwa siri ya mgonjwa haisemwi. Huko Australia, mwaka 2023, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba daktari kuzungumza habari hizo na mgonjwa kwa simu kungeweza kuwa ni kosa chini ya sheria kuu ya nchi, ingawa jimbo lake limemruhusu kazi yenyewe. Ndipo watu wa huko wakaanza kuulizana: wahudumu hawa tuwasaidieje? Nani awafundishe, nani awalipe haki yao, na nani awasikilize?

Sisi hatukubaliani na kazi hiyo, na hapa chini tutaeleza kwa nini. Lakini swali lao twaliona ni la haki kabisa, tena latuhusu kuliko tunavyodhani. Jamii ikimsimamisha mtu kati ya mgonjwa na mauti yake, jamii hiyo ina wajibu gani kwa mtu huyo? Huko hujibu kwa ajili ya wenye kuharakisha mauti. Sisi tuliokataza kuharakisha, tumewajibu nini wale tuliowaambia: kaeni naye, msimwue, wala msimwache?

Hukumu ya jambo lenyewe

Uislamu umelifunga jambo hili waziwazi. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amekataza watu kujiua, na hapo hapo amekumbusha kuwa Yeye ni Mwenye kuwarehemu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, amelinganisha kuiua nafsi moja bila ya haki na kuwaua watu wote, na kuiokoa moja na kuwaokoa wote. Imepokewa pia katika Sahihi ya Bukhari habari ya mtu wa kaumu zilizopita aliyekuwa na jeraha. Maumivu yakamshinda subira, akajikata mkono kwa kisu, damu isikatike mpaka akafa. Mwenyezi Mungu akasema kuwa mja huyo amemtangulia katika jambo la nafsi yake. Na Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuyatamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata. Ikiwa hana budi kusema neno, basi amwombe Mola wake ampe uhai maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa kufa ni kheri kwake.

Matabibu wa Kiislamu waliokutana Kuwait mwaka 1981 kuandika maadili ya kazi yao walilikataa jambo la kumuua mgonjwa kwa jina la huruma. Na sheria ya nchi yetu ya Tanzania haiko mbali na hapo. Kwa Kanuni ya Adhabu, anayemsaidia mwingine kujiua ana hatia kubwa, na aliyeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa ndiye aliyemfisha, hata kama maradhi yale yale yangemuua baadaye.

Hukumu basi yajulikana. Lakini wako wanaodhani kwamba kazi yetu imekwisha tulipokwisha kutamka neno haramu. La, hapo ndipo inapoanza. Anayemwambia mgonjwa mwenye uchungu kuwa hana ruhusa ya kuondoka amejifunga mwenyewe kukaa naye. Na anayemwambia muuguzi kuwa hana ruhusa ya kuukata uchungu huo kwa kuukata uhai, amejifunga kumpa kitu kingine cha kuukatia.

Yaliyopita katika njia ya Unyanyembe

Tabora yetu ina mengi ya kutufundisha katika mlango huu. Ilikuwa ndiyo kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, hadi Unyanyembe, kisha Ujiji. Wagonjwa wengi walipita hapa, na wengine hawakupita. Tutataja habari mbili.

Ya kwanza ni ya mtemi Mirambo, ambaye tangu mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji. Alifariki katika mwezi wa Desemba 1884, baada ya kuugua koo. Wachunguzi wa mila za Wanyamwezi wamesimulia kuwa katika siku za kale mtemi hakuachwa afe kwa maradhi. Akizidiwa, alinyongwa, kwa kuwa afya ya mtemi ilidhaniwa kuwa ndiyo afya ya nchi. Na wako waliosema kuwa Mirambo naye aliondoka kwa njia hiyo.

Hatuwatukani wazee wetu kwa mila hiyo, maana ndivyo walivyoelewa mambo. Lakini tazama, msomaji, ndani yake mna nini. Uhai wa mgonjwa ulipimwa kwa faida yake kwa wengine, na ilipokwisha faida, ukakatwa. Hakuulizwa anataka nini. Sheria za leo za ng'ambo zimejitahidi kuiweka hiari mbele, na tofauti hiyo ni kubwa, wala si insafu kuificha. Hata hivyo hofu moja yabaki: mgonjwa anayejiona kuwa amekuwa mzigo huweza kuomba kufa ili awapumzishe wengine, akaiita hiyo hiari yake. Na wale waliotumwa kumnyonga mtemi wao, waliyemtii na kumpenda, walilalaje usiku ule?

Habari ya pili ni ya tabibu. Mwaka 1873 Luteni Cameron, Mwingereza, alifika Unyanyembe akiwa katika safari ya kumtafuta Dk. Livingstone, na daktari wa msafara wake alikuwa William Dillon. Homa iliwashika wote, na Cameron na Dillon wakawa karibu hawaoni. Katika mwezi wa Oktoba ikawafikia habari kuwa Livingstone alikwisha kufa tangu Mei, katika kijiji cha Chitambo, kusini sana, katika nchi iitwayo Zambia leo. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, walikuwa wameubeba mwili wake wakiurudisha pwani. Cameron akaamua kuendelea magharibi. Dillon, aliyekuwa hoi kwa homa na tumbo la kuhara, akaelekea pwani na mwenzake Murphy. Hawakufika mbali na Tabora. Mahali paitwapo Kasekera, katika mwezi wa Novemba, homa ikamchanganya akili, akajiua.

Hatutaji habari hii ili tumhukumu marehemu. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni kuwa kalamu huondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka imrejee. Twaitaja kwa sababu yatuonyesha jambo ambalo watu hulisahau: daktari naye ni mwana wa Adamu. Katika msafara ule yeye ndiye aliyetegemewa kuwatibu wenziwe, na alipougua mwenyewe hapakuwa na tabibu wa kumtibu tabibu.

Na kama ilikuwa hivyo kwa daktari, mpagazi ilikuwaje? Wasafiri wa karne ile wameandika kwamba wapagazi walioshikwa na ndui waliachwa nyuma njiani, kwa kuwa msafara haukungoja mtu. Hao hawakuuawa na mtu. Waliachwa tu. Nasi twasema kuwa kumwacha mgonjwa na uchungu wake peke yake, kisha kujisifu kuwa hatukumuua, si jambo la kujivunia mbele ya Mola.

Lakini njia hiyo hiyo yatupa na mfano mwingine. Cameron aliwashauri Susi na Chuma wamzike Livingstone hapa Unyanyembe, maana njia ya pwani ilikuwa na hatari. Walikataa. Waliendelea kuubeba mpaka wakafika Bagamoyo katika mwezi wa Februari 1874, miezi tisa tangu siku ya mauti yake. Hakuna mmoja peke yake aliyeweza kazi ile. Walipokezana. Ikiwa maiti aliweza kubebwa hivyo, je, aliye hai na anayelia usiku hastahili zaidi?

Dawa ya uchungu na mahali ilipo

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Mgonjwa wa saratani iliyoenea, au wa UKIMWI uliokithiri, huweza kupata maumivu ambayo vidonge vya kawaida haviyagusi. Dawa iliyojaribiwa miaka mingi kwa maumivu ya namna hiyo ni mofini, itokayo katika utomvu wa afyuni. Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi tatu: kwanza dawa ndogo, kisha ya kati, kisha mofini, ipewe kwa kinywa, kwa saa zilizopangwa, bila kungoja mgonjwa apige kelele.

Mofini ya kunywa haina mambo mengi. Unga wake huchanganywa na maji ukatiwa chupani, na mgonjwa hunywa kipimo alichopimiwa, kwa kawaida kila baada ya saa 4. Huanzwa kwa kidogo na kuongezwa polepole kadiri ya maumivu. Hufunga choo, ndiyo maana hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Ikizidishwa ovyo huweza kupunguza pumzi, na kwa hiyo haitolewi na mtu asiyejua. Lakini ikitolewa kwa kipimo na mjuzi, kwa mwenye maumivu ya kweli, haimuui mgonjwa wala haimfanyi mlevi wa dawa. Humwezesha kulala, kula kidogo, kuswali kwa ishara, kuzungumza na watoto wake na kuusia.

Afrika Mashariki haikulala katika jambo hili. Nairobi ilifungua nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hii mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Kampala huduma ya Hospice Africa Uganda, na mwaka 2004 Uganda ikaweka kanuni ya kuwaruhusu wauguzi na matabibu wasaidizi waliofundishwa maalumu kuandika dawa ya mofini, kwa sababu madaktari wachache hawawezi kuzifikia nyumba zote. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa mbele katika kuitoa mofini ya kunywa, na Hospitali ya Selian, Arusha, ikajulikana kwa kuwafuata wagonjwa majumbani. Huduma hiyo huitwa tiba shufaa. Nalo ni jina zuri, maana shufaa ni kumsimamia mtu aliye katika shida.

Tatizo la mtu wa Tabora ni umbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 800, na hadi Mwanza, iliko Hospitali ya Bugando, ni karibu kilometa 380. Tunazo hospitali zetu, Kitete hapa mjini na Nkinga katika Igunga. Lakini mgonjwa anayetoka kijijini Sikonge au Kaliua, akaenda mbali kutibiwa na kuambiwa arudi nyumbani, hurudi na chupa ya dawa yenye mwisho wake. Ikiisha usiku, anayebishiwa mlango ni muuguzi wa zahanati ya jirani. Pengine hana dawa hiyo, wala hana ruhusa ya kuiandika. Ana maneno tu na mikono miwili. Huyo ndiye tunayemwandikia makala haya.

Je, dawa hii ni halali?

Baadhi ya watu husita kuitumia mofini kwa kuwa asili yake ni afyuni. Wanazuoni wamekwisha kutuwekea misingi: dhara huondolewa, shida huleta wepesi, na mambo hutazamwa kwa makusudio yake. Anayetoa kipimo cha kutuliza, akikusudia kutuliza, huyo ametibu. Anayetoa kipimo cha kufisha, akikusudia kufisha, huyo ameua. Chupa yaweza kuwa moja, lakini vitendo ni viwili, na Mwenyezi Mungu ayajua yaliyo vifuani.

Kadhalika si kuua kuacha tiba ambayo haina faida tena. Wale matabibu wa Kuwait wa mwaka 1981 walisema pia kuwa tabibu hana wajibu wa kumrefushia mgonjwa taabu kwa mashine na dawa zisizo na tumaini. Na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu kuondolewa mashine kwa mtu ambaye wataalamu wamethibitisha kuwa ubongo wake umekufa wala hautarejea. Kuna tofauti kubwa kati ya kumsukuma mtu mlangoni na kuacha kumzuia anapoitwa na Mwenyewe.

Twaeleza haya kwa sababu ujinga wetu humwangukia muuguzi. Mara nyingi hutokea mgonjwa apewe dawa ya maumivu saa za jioni, na alfajiri akafariki kwa siku yake iliyoandikwa. Jamaa mmoja akisema, “Walimdunga sindano ya kumwua,” neno hilo hufika sokoni kabla ya jeneza kufika makaburini. Muuguzi hawezi kujitetea, kwa kuwa siri ya mgonjwa yamfunga mdomo. Mara ya pili ataogopa. Atatoa kipimo pungufu au hatatoa kabisa, na mgonjwa atakayefuata, ambaye huenda ni baba yako, atalia mpaka kuche. Ulimi wa jirani mmoja waweza kumnyima mgonjwa dawa kuliko ukosefu wa dawa wenyewe.

Wajibu wa nyumba zetu

Basi tufanye nini? Twataja machache, na mwenye zaidi aongeze.

Kwanza, tusimtake muuguzi afanye lililo haramu. Wako jamaa waliochoka kwa kukesha ambao humvuta pembeni na kumwambia, “Mwanangu, mpe kitu apumzike.” Huenda wasema kwa huruma. Lakini wamemtwika mtu mmoja, mwenye mshahara mdogo na watoto wa kulea, dhambi na jela kwa neno moja la kunong'ona. Sema hivi badala yake: “Mwanangu, maumivu yamemzidi, tusaidie kuyapunguza.” Ombi hilo analiweza, na ni haki ya mgonjwa.

Pili, tusimwambie amdanganye mgonjwa. Twamwona mama anamwuliza muuguzi, “Je, nitapona?” na nyuma yake wanawe wanamkonyeza muuguzi aseme ndiyo. Mgonjwa ana madeni ya kulipa, amana za kurudisha, na watu wa kuwaomba radhi. Akifichwa hali yake huzikwa pamoja na mambo hayo. Neno la kweli lisemwe kwa upole, na alisemapo muuguzi, jamaa wakae karibu, wasimwache peke yake.

Tatu, tupokezane. Huko Oregon, katika Marekani, ambako sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa imetumika tangu mwaka 1997, sababu zitajwazo zaidi na wagonjwa wenyewe si maumivu. Hutaja kukosa uwezo wa kujiamulia mambo yao, na kukosa yale yaliyoufurahisha uhai wao. Haya hayatibiwi kwa chupa. Hutibiwa na mtu aketiye karibu, amwulizaye mgonjwa shauri kama zamani, amgeuzaye ubavu bila kukunja uso, amwoshaye bila kumwaibisha, amtiaye udhu na kumsomea. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Lakini ziara ya watu ishirini mchana, kisha usiku akabaki na muuguzi mmoja wa zamu, haijatimiza haki hiyo. Wajipange wawili wawili, usiku kwa usiku, ili muuguzi naye apate kuketi.

Nne, tumkumbuke mhudumu baada ya mazishi. Siku ya tatu tunapokusanyika kwa hitima, twamtaja nani aliyekesha? Sahani ya chakula ikipelekwa zahanati, na mzee mmoja wa ukoo akienda kumwambia, “Mwanangu, tumeona kazi yako, Mwenyezi Mungu akulipe,” huenda neno hilo likamzuia asiache kazi. Ameona vifo vingi mwaka huu, na vifo vyote hivyo kwake hakuwekewa matanga.

Tano, misikiti yetu ijihusishe. Katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale akajeruhiwa vibaya, naye ndiye aliyefariki baadaye kwa jeraha hilo. Mtume (s.a.w.) hakumpeleka pembezoni mwa mji. Alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye. Na wanahistoria wamemtaja Bi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwauguza majeruhi katika hema hiyo. Twaona basi kuwa muuguzi wa kwanza kutajwa katika historia yetu alifanya kazi yake mahali ambapo umma wote ulimwona mara tano kila siku. Hakufichwa, wala hakuachwa peke yake. Nasi Tabora tuna misikiti na madrasa. Si vigumu kwa imamu kumwalika daktari wa Kitete aeleze mambo haya baada ya sala, wala si vigumu kwa kamati ya msikiti kutenga fungu la nauli na sabuni kwa mgonjwa aliye mbali na mhudumu anayemfuata kwa baiskeli au pikipiki.

Na sita, tuwaambie wakubwa wetu bila kuchoka kwamba dawa ya maumivu ni haki ya mgonjwa wa kijijini sawasawa na wa mjini, na kwamba wauguzi wafundishwe na kuruhusiwa kuitoa kwa kipimo, kama walivyofanya jirani zetu wa Uganda.

Kwa walio ng'ambo

Tuna neno kwa watoto wetu wauguzi walio katika nchi zenye sheria ile. Huko Victoria sheria yenyewe yampa tabibu na muuguzi haki ya kukataa kwa sababu ya dhamiri yake, na nchi nyingine zina mlango kama huo. Mahali pengine mlango ni mwembamba. Katika jimbo la Ontario, Kanada, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilithibitisha kanuni ya kumtaka daktari asiyekubali ampeleke mgonjwa kwa mwingine. Ujue basi sheria ya mahali ulipo kabla hujafikwa, na umweleze mkubwa wako mapema, kwa adabu, bila kumhutubia.

Ukijitenga na tendo lile, usijitenge na mgonjwa. Aliyekwisha kuomba kufa bado ana kiu, bado ana baridi, bado apenda kushikwa mkono, na huenda akabadili nia yake mbele ya mtu asiyemhukumu. Wala usimtukane mwenzako aliyechagua njia nyingine. Wengi wao wameingia humo kwa huruma, nao hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kama wewe. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, na tabia njema ni da'wa ambayo hakuna sheria iliyoikataza.

Msomaji mpendwa, hatutaweza kamwe kuwaambia watu kuwa uhai wa mgonjwa ni amana, wakatuamini, ikiwa amana hiyo tumemtupia muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Ulizeni leo nani anakesha katika mtaa wenu, na zamu ya kesho iwe ya nani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awafishe kwa wema wale ambao siku yao imefika, na awape nguvu na malipo mema wote wanaokesha nao. Amin.